Hesabu makosa: siku baba mmoja alipopaka rangi mashua yake



Kazini tunaangaliwa. Kofia ngumu iko? Viatu viko? Miwani iko? Mkubwa wa usalama anapita, anauliza, anaandika. Lakini siku ya Mungu, nyuma ya nyumba, nani anapita kuangalia? Hakuna. Hapo kila baba ni mkubwa wa usalama wa nyumba yake mwenyewe, na akilala, hatari haitalala pamoja naye.

Leo tunataka kusema habari ya kazi moja ambayo wengi wanaiona ndogo: kupaka rangi upya mashua ndogo ya alumini. Wengi wetu tunapenda ziwa Nzilo, kaskazini ya Kolwezi. Wazee wanajua kwamba ziwa hilo si la zamani za mababu. Lilitokea wakati mto Lualaba ulipofungwa kwa ukuta, mwaka 1952, ili kuyapa machimbo na viwanda umeme, na ukuta huo uliitwa kwanza Delcommune. Basi umeme ulikwenda viwandani, na samaki walikuja kwetu. Mtu akipata mashua nyepesi anaweza kuongeza kitoweo nyumbani. Alumini inafaa sana kwa mashua, kwa kuwa uzito wake ni karibu theluthi moja tu ya uzito wa shaba au chuma, na haishiki kutu nyekundu. Ni madini yale yale ya masufuria ya mama.

Lakini mashua ya alumini ina adui mmoja mkubwa, na adui huyo ndiye anayetupa sisi mshahara. Jina lake ni shaba. Soma mpaka mwisho utaelewa.

MCHEZO WA MAKOSA

Tuseme kuna baba mmoja. Hatumtaji jina kwa sababu hayupo. Tumemtunga ili tujifunze. Yeye na mashemeji zake wamenunua mashua ya alumini ya mita 4, iliyotumika. Rangi imebanduka, na kwenye sakafu kuna tundu dogo.

Siku ya Mungu baba anaanza kazi. Anaiingiza mashua ndani ya kibanda, anafunga mlango ili vumbi la barabara lisiingie. Anakwangua rangi ya zamani ikiwa kavu. Vumbi la manjano na la kijani linajaa hewani. Mtoto wake wa miaka mitatu anacheza chini ya mashua. Pale rangi inapokataa kutoka, anamwaga soda kali, ile ambayo mama anatumia kutengeneza sabuni. Pale inapokataa tena, anasugua kwa burashi ya nyaya za chuma. Anaziba tundu kwa kipande cha bati la shaba, anakikaza kwa boloni za shaba. Anapaka rangi nyekundu nzito, ambayo muuzaji amemwambia, «Hii ni ya meli za baharini, ndiyo kali kuliko zote.» Ili sakafu isiteleze, anamwagia mchanga laini aliouchukua kwenye masalio ya konsantrateri. Kwa kuwa ni mwezi wa sita na baridi inauma, mama anamletea mbabula yenye makala ya moto, anaiweka karibu na kopo la rangi.

Jioni mashua inang'aa. Baba anafurahi.

Msomaji, umehesabu makosa mangapi? Sisi tumehesabu saba. Tuyaangalie moja moja.

KOSA LA KWANZA: VUMBI LA RANGI YA ZAMANI

Rangi za zamani nyingi zilitengenezwa kwa risasi. Hatari yake inajulikana tangu siku nyingi: mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha huko Geneva mapatano ya kukataza rangi nyeupe ya risasi ndani ya nyumba, isipokuwa pale ambapo ilihesabiwa kuwa ya lazima. Na juu ya alumini mara nyingi waliweka kwanza rangi ya manjano au ya kijani-manjano yenye kromati ya zinki. Kromati ya namna hiyo inaweza kuleta kansa ya mapafu.

Vumbi la risasi halinuki wala haliwashi. Linaingia kwa pua na kwa vidole vinavyotiwa kinywani. Kwa mtoto mdogo linaharibu ubongo, na hakuna kipimo cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwake. Mama mwenye mimba naye akae mbali, maana risasi inamfikia mtoto aliye tumboni.

Je, ukwangue namna gani? Ukwangue kwa maji. Tia msasa ndani ya ndoo, sugua ukiwa umelowa, panguza tope kwa kitambaa. Rangi iliyolowa hairuki. Fanya kazi nje, watoto wakiwa mbali, na tandika turubai chini ili takataka zisibaki katika udongo ambapo kuku na watoto wanacheza. Vaa kinga ya pua ya kuzuia vumbi. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi. Ukimaliza, nawa mikono na uso kabla ya kula au kuvuta sigara. Nguo za kazi hiyo mama asizifue pamoja na nguo za watoto.

KOSA LA PILI: SODA KALI

Soda inayotengeneza sabuni inakula alumini. Imwage juu yake, utaona povu na kusikia joto. Povu lile ni gesi ya hidrojeni, na gesi hiyo inashika moto upesi. Ndani ya kibanda kilichofungwa, penye mbabula, ni kama kuweka fataki kando ya kiberiti. Na soda ikiruka machoni inaweza kupofusha. Ikitokea hivyo, usingoje hata kidogo: osha jicho kwa maji safi mengi yanayotiririka, dakika 20 kamili, kisha kimbia hospitali.

Asidi nayo ni hivyo hivyo. Asidi ya kiwanda haina ruhusa ya kutoka kiwandani, wala ndani ya chupa, wala ndani ya bidoni.

Wengine wanauliza habari ya dawa za madukani za kubandua rangi. Soma kopo. Ukiona maneno kloridi ya metilini au diklorometani, iache. Mvuke wake unaua mahali palipofungwa, na Marekani ilikataza mwaka 2019 isiuzwe kwa watu wa nyumbani kwa kazi hiyo.

KOSA LA TATU: BURASHI YA NYAYA ZA CHUMA

Burashi ya chuma inaacha vipande vidogo vya chuma ndani ya alumini. Vipande hivyo vinashika kutu chini ya rangi mpya, na rangi inainuka kama malengelenge. Tumia msasa wa namba 80 mpaka 120 pamoja na maji, au burashi ya plastiki ngumu.

Usitumie mashine ya kunoa yenye jiwe la chuma. Alumini ni laini, inaziba jiwe, jiwe linapata joto na laweza kupasuka usoni mwako. Tena unga mkavu wa alumini ukiwa mwingi hewani unaweza kulipuka. Na tope lile la kusugulia usilifungie ndani ya bidoni yenye kifuniko, maana linaweza kuendelea kutoa gesi.

KOSA LA NNE: BATI NA BOLONI ZA SHABA

Hapa tusimame kidogo. Ninyi mnaofanya kazi ya shaba mtaelewa upesi kuliko mafundi wa mashua wa pwani.

Wazee waliofanya kazi kwenye simentasyo wanakumbuka: maji yenye shaba yanapitishwa juu ya vipande vya chuma. Shaba inatoka ndani ya maji na kuketi, na chuma kinayeyuka polepole na kwenda zake. Shaba inabaki, chuma kinakufa. Ndiyo tabia ya shaba. Madini dhaifu yakikutana nayo ndani ya maji, yale dhaifu ndiyo yanayolipa.

Alumini ni dhaifu kupita chuma mbele ya shaba. Inakaa salama kwa sababu ya ngozi nyembamba sana inayojifanya yenyewe juu yake, isiyoonekana kwa macho. Lakini weka shaba juu ya alumini, tia maji, na umetengeneza betri. Hakuna taa inayowaka, hakuna sauti. Umeme mdogo unapita usiku na mchana, na alumini inaliwa pembeni ya boloni. Mara nyingi bati la mashua ndogo lina unene wa milimita 2 hivi tu. Shimo linaanza kama ncha ya sindano, chini ya rangi, mahali usipopaona.

Kwa hiyo tundu lizibwe kwa alumini, na riveti ziwe za alumini. Kama huna budi kutumia boloni ya chuma kisichoshika kutu, tenganisha kwa mpira au plastiki ili madini hayo mawili yasigusane. Usiache ndani ya mashua waya wa umeme, sarafu, wala kipande cha bomba la shaba. Ubao wa kukalia usiwe ule uliotiwa dawa ya kijani ya kuzuia mchwa, maana dawa hiyo mara nyingi ina shaba. Hata kalamu ya risasi usiitumie kuandika alama juu ya alumini, kwa sababu ule weusi wake unafanya kazi mbaya ile ile. Tumia chaki.

KOSA LA TANO: RANGI NYEKUNDU YA MELI

Muuzaji hakusema uongo. Rangi ile kweli ni kali. Lakini ukali wake ni shaba! Meli za baharini hupakwa rangi yenye oksidi ya shaba ili makombe na majani ya bahari yasishike chini yake. Meli za chuma zinawekewa kwanza matabaka mengine ya kinga. Baba yetu aliipaka moja kwa moja juu ya alumini iliyochubuliwa. Ni kama kuivika mashua shati la adui.

Tena haina faida. Ziwani Nzilo hakuna makombe ya bahari, na mashua ndogo inavutwa nchi kavu kila jioni. Utelezi wa kijani unatoka kwa burashi na maji. Iache rangi hiyo. Uiache pia rangi nyekundu ya zamani ya risasi, ile ya kupaka madaraja na matangi. Ilitengenezwa kwa ajili ya chuma, na juu ya alumini inaleta uharibifu.

KOSA LA SITA: MCHANGA WA MASALIO

Mchanga wa masalio ni laini, uko wazi, unaonekana kama zawadi. Lakini ulitoka wapi? Masalio ya konsantrateri ya Kolwezi yalimwagwa Kingamyambo na katika bonde la Musonoi kwa miaka mingi. Shaba na kobalti nyingi zilibaki ndani yake, hata yalifanyiwa mradi wa kuyarudisha kiwandani, ulioanza kutoa madini mwaka 2018. Mchanga wenye faida ya namna hiyo kwa kiwanda hauwezi kuwa rafiki wa mashua yako. Punje za shaba zilizobandikwa kwenye sakafu, pamoja na maji yanayosimama humo, ni betri elfu ndogo.

Vumbi lake pia halifai mapafuni. Na mtu asiingie kuchota mahali pa masalio: tope lina ngozi kavu juu, na chini linameza mguu. Chukua mchanga mweupe wa mto safi, uoshe, uukaushe, uuchekeche. Na kama mashua imepita katika tope la Musonoi, ioshe kwa maji safi ndani na nje kabla ya kuilaza.

KOSA LA SABA: MBABULA KANDO YA RANGI

Mvuke wa rangi na wa dawa ya kuyeyushia ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini kama nyoka mpaka unapofika kwenye moto. Halafu unarudi nao. Tena mbabula ndani ya chumba kilichofungwa inatoa gesi isiyo na harufu ambayo imekwisha kuua watu wengi usingizini. Mama alileta mbabula kwa upendo. Ilikuwa kazi ya baba kumwambia kwamba hapa haiingii. Paka rangi nje, au milango yote ikiwa wazi. Sigara hapana. Vitambaa vyenye mafuta ya rangi usivirundike pembeni, maana vinaweza kujiwasha vyenyewe. Vitie ndani ya ndoo ya maji.

SASA NJIA NZURI

Chagua siku za kiangazi, lakini uangalie saa. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi kuna umande, na bati la mashua linabaki baridi na lenye maji yasiyoonekana. Ngoja jua lilikaushe, anza saa tatu au saa nne asubuhi, acha kabla ya saa kumi jioni. Siku za upepo wa moshi na majivu ya nyasi zilizochomwa, usipake.

Kwanza, tafuta matundu. Mashua ikiwa imekaa sawa juu ya magogo, mwaga ndoo mbili tatu za maji ndani yake, uangalie chini, utie alama kwa chaki. Usiijaze! Lita 200 za maji ni kilo 200, na mashua inaweza kuanguka juu ya miguu yako.

Pili, ioshe kwa sabuni kabla ya kusugua. Ukisugua kwanza, unayaingiza mafuta ndani ya mikwaruzo. Suuza sana. Tazama maji: yakitandaa kama shuka, bati ni safi. Yakijikusanya matone kama juu ya jani la bilolo, mafuta bado yapo, rudia.

Tatu, sugua kwa msasa na maji, suuza, kausha. Ile rangi ya zamani inayoshika vizuri haina haja ya kutolewa yote. Lainisha kingo zake tu.

Nne, paka rangi ya chini siku ile ile, katika saa chache. Ukiiacha mpaka kesho, bati limejifanyia ngozi nyingine na umande umekwisha kupita. Rangi ya chini iwe imeandikwa kwamba inafaa alumini, isiyo na shaba, risasi wala kromati. Zile zinazouzwa katika makopo mawili ya kuchanganya zichanganye kama ilivyoandikwa, usipime kwa jicho. Vaa mifuko ya mikono ya mpira, maana zinaweza kuleta ugonjwa wa ngozi usiokuacha tena. Usizipulize kwa mashine nyumbani. Nyingine zinaleta pumu. Burashi na rola zinatosha.

Tano, paka rangi ya juu matabaka mawili membamba. Moja nene linakauka juu na kubaki bichi chini. Kwa nje chagua rangi ya machungwa au ya manjano. Siku ya dhoruba, wenzako watakutafuta kwa macho, na mashua ya kijivu haionekani juu ya maji ya kijivu. Kwa ndani paka rangi ya kung'aa kidogo tu, na mchanga safi wa mto mahali pa kukanyaga. Kama motere ina kipande cha madini cha kinga chini yake, usikipake rangi. Kimewekwa pale ili kiliwe badala ya motere.

Sita, ngoja ikauke siku zilizoandikwa kwenye kopo. Penye baridi ongeza. Burashi usizioshe ziwani. Makopo matupu yatobolewe ili mtu asiyachotee maji ya kunywa wala kuwekea unga.

KOSA LA NANE

Tulisema makosa saba. Kuna la nane ambalo wengi hawakulihesabu kwa sababu hatukulitaja. Baba yule, akisafisha mashua, alikuta chini ya viti vipande vya povu jeupe, vyepesi, vimechakaa. Akavitupa ili apate nafasi ya nyavu.

Ndugu, alumini haielei. Ni nyepesi kuliko shaba, lakini ni nzito mara 2.7 kuliko maji. Mashua inaelea kwa sababu ya umbo lake, na ikijaa maji, kinachoizuia isiende chini ni lile povu tu. Baba huyu aliipa mashua yake shaba ya kuitoboa, halafu akaondoa kitu pekee ambacho kingemngoja siku ya tundu. Makosa yale saba yangemletea hasara na ugonjwa. Hili la nane lingewaacha watoto wake bila baba.

Angalia povu. Likiwa zito, limekunywa maji. Litoe, uweke jingine la namna ile ile, ukubwa ule ule au zaidi. Andika ndani ya mashua idadi ya watu inayoruhusiwa, na usiipite hata kwa shemeji. Kila mtu avae koti la kujiokoa, si kulikalia. Safari ya kwanza baada ya rangi ifanyike kando ya ukingo, saa moja, kisha rudi uangalie kama kuna maji sakafuni. Na kila mwezi pitisha mkono chini: ukiona unga mweupe au malengelenge ya rangi, kwangua, tafuta sababu, uponye jeraha likingali dogo.

Mama wa nyumba, nawe una neno hapa. Ukiona vumbi linaruka na mtoto yupo karibu, mwondoe mtoto na usimamishe kazi. Hakuna baba wa kweli atakayekasirika.

Shaba imetulisha, na tunaiheshimu. Lakini ikae kazini. Mchanga wake, boloni zake, asidi yake na rangi yake visivuke geti kwenda ziwani. Kinachotakiwa kuvuka geti kila jioni ni kimoja tu: mtumishi mzima, mwenye mikono miwili na mapafu mazuri, pamoja na ile akili ya usalama aliyofundishwa kazini. Hiyo ndiyo aivae hata siku ya Mungu, hata nyuma ya nyumba, hata juu ya maji.